Sikio la Kushoto

12 Januari

Mama Mdogo mpendwa,

Shikamoo, na salamu za Mama ambaye ameniambia nisisahau kuzitia humu. Sisi tupo. Goti la Bibi limemwachia kidogo, ila masikio ndiyo yanazidi kumkimbia, kwa hiyo nyumba nzima tunapayuka kama tuko mnadani. Mama bado anatoka alfajiri kwenda kiwanda cha mikate na anarudi na unga kwenye nyusi. Mwanao Karanga ameota jino moja la mbele, la pili linasitasita. Amekuchorea picha, nimeikunja humu. Anasema huyo mwenye mikono mirefu ni wewe.

Najua ungependa tuongee kwa simu. Lakini unanijua, nikishika simu ulimi unanata, na Bibi anaiweka sauti ya juu kabisa, hadi jirani akipita barazani anaitikia salamu zako. Kwenye karatasi angalau hakuna anayeniangalia.

Habari kubwa ni kwamba nimepata kazi. Si ya kudumu. Nashika nafasi ya karani wa shule ya msingi anayosoma Karanga, mpaka mwenyewe arudi kutoka likizo ya uzazi. Nagonga mihuri, napanga mahudhurio, nafungua dirisha dogo wazazi wakibisha. Wakibisha wawili kwa pamoja najifanya natafuta kalamu.

Ila kuna kitu kimoja nimekabidhiwa ambacho nakipenda. Mwalimu akiona mtoto hayuko sawa, labda anasinzia, labda ana kidonda kisichopona, labda amebadilika tu, anajaza fomu ya nakala tatu yenye kaboni katikati. Nyeupe inabaki kwetu. Ya waridi ni ya kliniki, nesi anaipitia Jumanne. Ya bluu ni ya ofisa wa ustawi wa jamii, anayekuja Alhamisi. Mimi ndiye ninayeziachanisha, naziandika kwenye leja na kuzitia kwenye mifuko yao. Kisha kila Ijumaa ya pili hao wawili wanakaa na mwalimu mkuu kwenye chumba kilichokuwa stoo ya viti vibovu, wanafungua leja na kwenda mtoto mmoja mmoja. Mwalimu mkuu alinieleza kwamba zamani shule ilikuwa inamwadhibu mtoto kwa utoro, huku kliniki inamfunga bendeji mtoto huyohuyo, na hawa hawana habari za wale.

Akaniambia, "Fomu isipotoka mezani kwako, kwa wenzetu huyo mtoto hayupo."

Nilirudi nyumbani nikiyarudia hayo njia nzima. Sijawahi kupewa kitu kizito namna hii.

Niombee nisiharibu.

Wako,
Kobe

* * *

3 Februari

Kobe wangu,

Marahaba, na mwambie dada yangu salamu zake zimefika. Kumbe umetoa kichwa kwenye gamba, na hukukitolea pengine ila ofisini! Nimecheka peke yangu mpaka mwenzangu akaniuliza kulikoni. Huyu ndiye ninayekunja naye mashuka, yeye ncha mbili na mimi ncha mbili, tunakutana katikati kama watu wanaocheza ngoma, mara mia tatu kwa siku. Hospitali hii ina vitanda vingi kuliko nyota. Mashine zinanguruma, mvuke unatupanda mpaka kwenye kope, na mimi mikono imekuwa laini kama ya bibi harusi kwa sababu ya sabuni. Usinionee huruma.

Dirisha la wazazi usiliogope. Wakibisha wawili, mjibu mwenye sauti ndogo kwanza. Mwenye sauti kubwa hatakufa.

Jambo moja. Usitie tena picha za Karanga kwenye bahasha. Barua zetu zinapitia mezani kwa msimamizi na yeye ana mkono mwepesi wa kufungua zilizovimba. Usidhani nimeitupa. Nimeiweka mahali.

Sasa nawe uko shuleni kwake, niandikie anavyoendelea darasani. Usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa.

Mama Mdogo wako

* * *

18 Februari

Mama Mdogo mpendwa,

Shikamoo. Bibi anakusalimu, anasema kikohozi kimeondoka kilivyokuja. Mama ameungua kidogo mkononi kwa trei lakini amepona. Jino la pili la Karanga limetokeza, sasa akicheka anafanana nawe kwenye ile picha ya kitambulisho.

Uliniambia nikuandikie ukweli. Nimeanza barua hii mara tatu.

Jumatatu mwalimu wa darasa la pili alileta fomu. Nikaipokea kama nyingine, nikavuta leja, nikaandika tarehe. Kufika kwenye jina, kalamu ikasimama. Ilikuwa ya Karanga.

Imeandikwa kwamba haitikii anapoitwa. Kwamba akipewa kazi anatazama kwanza daftari la mwenzake ndipo aanze. Kwamba ameshuka sana tangu mwaka jana na hachezi na wenzake. Kuna maneno mengine pale chini, kwenye sehemu ya maelezo ya nyumbani. Hayo sitayaandika.

Mama Mdogo, sikuziachanisha zile nakala. Niliweka fomu nzima kwenye droo yangu, chini ya boksi la mihuri, nikafuta ile tarehe kwenye leja. Mwalimu wa darasa anadhani imekwenda. Nesi amekuja Jumanne akachukua mfuko wake, akaniuliza ndiyo zote hizi, nikamwambia ndiyo. Alhamisi ofisa wa ustawi naye hivyohivyo. Uso ulikuwa unaniwaka moto. Nilijiambia tutalimaliza nyumbani wenyewe. Sasa namkagua madaftari kila siku na ninamwita taratibu nione kama anasikia. Tatizo ni kwamba kwetu hakuna anayeita taratibu. Tukimwita Bibi, mtaa mzima unaitika, na Karanga naye anaitika humohumo.

Ndiyo maana nataka kukuuliza. Masikio yake yaliwahi kumsumbua alipokuwa mdogo? Na je, niitoe fomu au niiache? Wewe ndiye mama yake. Ukisema niitoe, nitaitoa kesho yake.

Tafadhali jibu upesi.

Kobe

* * *

27 Machi

Kobe wangu,

Marahaba. Nisamehe kwa kukawia. Mashine mbili ziliharibika kwa mpigo, tukawa tunafua zamu mbili, na mashuka ya chumba cha upasuaji hayasubiri mtu. Mwenzangu alianguka akaumia kiwiko, ikabidi nikunje na binti mgeni ambaye anakunja shuka kama anafunga mzigo wa kuni. Mvua kwenu imeanza? Bibi asikae barazani asubuhi.

Kuhusu ile karatasi, iache ilipo. Watoto wanasikia wanachotaka kusikia. Mwite kwa kazi, hasikii, mwite kwa sukari, uone. Hata mimi nilikuwa hivyo. Huyo ofisa akiingia kwa Bibi na faili mkononi, kesho yake mtaa utasema nimemtelekeza mtoto, na Bibi ndiye atakayeyasikiliza hayo hadi kaburini. Mambo ya ndani yabaki ndani. Mkalishe karibu yako, msomeshe, atatulia.

Nimekutumia soksi zake mbili kwa mtu anayekuja huko. Kama zimembana, zinyooshe kwa maji ya moto.

Mama Mdogo wako

* * *

6 Aprili

Mama Mdogo,

Shikamoo. Soksi zimemtosha. Bibi na Mama hawajambo.

Sikukutii. Naandika hilo kwanza ili usiendelee kusoma ukidhani vingine.

Hukujibu nililouliza kuhusu masikio. Nilisoma barua yako mara nyingi nikitafuta mahali ulipolijibu.

Jumatano wakati wa mapumziko Karanga alikuja dirishani kwangu. Alikuwa ameinua kola ya sare upande mmoja na kuishikilia. Akaniomba karatasi. Nikampa moja, akataka nyingine, ndogondogo. Nikamuuliza za nini, akaivuta kola juu zaidi. Nikatoka nje, nikaishusha kola ile. Ilikuwa imelowa usaha. Mama Mdogo, alikuwa amejiziba sikio la kushoto kwa karatasi ya daftari aliyoiviringisha, na ikilowa anaitoa na kutia nyingine, ili mtu asione wala asisikie harufu. Aliniambia amekuwa akifanya hivyo "siku nyingi." Akaniomba nisimwambie Bibi kwa sababu Bibi atachoka.

Nilipomwuliza kwa nini hakuniambia mimi, alisema, "Nilikuambia. Ulikuwa unaandika."

Nilitamani ardhi ipasuke. Nilifungua droo, nikatoa fomu, nikaenda nayo kwa mwalimu mkuu. Nikaiweka mezani, akaona tarehe. Wiki saba. Aliivua miwani akaifuta, akaivaa tena. Nilingoja anifukuze. Badala yake alimpigia nesi simu palepale, Karanga akapelekwa kliniki mchana uleule akasafishwa na kupewa dawa. Kisha akaniambia Ijumaa niingie kikaoni, na hiyo fomu niisome mimi mwenyewe.

Unajua mimi hata kusoma risala ya kuhitimu nilimwachia mwenzangu.

Chumba bado kina harufu ya mbao zilizooza. Mwalimu mkuu, nesi, ofisa wa ustawi, na mimi kwenye kiti chenye miguu mitatu na nusu. Nikasoma. Sauti ilikuwa inakatika. Nilipofika sehemu ya chini nikanyamaza, ofisa akasema niendelee. Nikasoma kwa sauti yale niliyokunyima wewe. Mwalimu wake ameandika hivi: "Sweta kaja nalo limegeuzwa nje ndani mara mbili wiki hii. Nyumbani hakuna anayemfuatilia." Mama Mdogo, ninayemvalisha sweta kila asubuhi ni mimi. Nilikuwa naharakisha nisichelewe kazini kwenda kupanga fomu za watoto wa watu. Ndiyo sababu nilizificha nakala zile. Nilikuambia ni kwa ajili ya Bibi na wewe, na kidogo ilikuwa hivyo. Zaidi nilijionea aibu mimi.

Ofisa aliuliza wa nyumbani kwa mtoto ni nani. Nikanyoosha mkono kama niko darasani.

Nilidhani wataniparamia. Lakini nesi muda wote alikuwa anapekua sanduku lake la kadi za zamani. Akatoa moja, akaisoma bila kuinua macho: mtoto huyu, miaka mitano wakati huo, sikio la kushoto, arudi baada ya wiki sita kwa kipimo. Hakurudi.

Akasema, "Kadi hii iko kabatini kwangu miaka mitatu. Sikumfuata nyumbani, wala sikuitaarifu shule alipoanza. Kwa hiyo msimtazame huyu binti peke yake."

Hapo ndipo nilipolia, nikaaibika zaidi.

Sasa Karanga anatakiwa kupimwa hospitali kubwa tarehe 23 Mei, saa tatu asubuhi. Wanataka mzazi aingie naye na kutia saini. Bibi hawezi, na Mama si mzazi wake kwenye vyeti. Ofisa amekuandikia barua ya kumpa mwajiri wako akuruhusu. Nimeiambatanisha. Muhuri niliugonga mimi, umekaa upande.

Sikuulizi kwa nini hukurudi kliniki. Nauliza kama utakuja.

Kobe

* * *

2 Mei

Kobe wangu,

Umenisalimu nikiwa nimesimama, nami nakuitikia nimekaa. Marahaba, mwanangu.

Barua ya ofisa iko chini ya godoro langu tangu tarehe 15. Kila siku naitoa, naisoma, nairudisha. Sikuitoa kwa msimamizi, na nitakueleza kwa nini, kisha unifikirie utakavyo.

Huyu mtoto alianza kuumwa sikio mwaka ule baba yake alipoondoka. Nikampeleka kliniki, wakampa dawa, wakaniambia nirudi naye baada ya wiki sita. Wiki ya tano nikaitwa kwenye usaili wa kazi hii. Tulikuwa wanawake arobaini kwenye korido, na minong'ono ilikuwa kwamba wanataka wasio na watoto, maana wenye watoto wanaomba ruhusa kila siku. Nilipoingia, msimamizi akaniuliza, bila ubaya wowote, anajaza tu karatasi yake. Una watoto?

Nikasema sina.

Ilitoka kirahisi sana. Nilidhani nitaisahihisha nikishazoeleka. Lakini wiki ya kwanza mwenzangu wa upande wa pili wa shuka akaniuliza hilohilo, na msimamizi amesimama pale. Nikajibu hilohilo. Baada ya hapo ikawa ndivyo nilivyo. Miaka mitatu, Kobe. Mwenzangu huyo ana wanne, ananihadithia kila siku nani kaota jino na nani kachana sare, nami namsikiliza kama mtu ambaye hajawahi kunyonyesha. Siku ile picha ya Karanga ilipofika niliificha ndani ya kiatu. Nilitembea juu yake zamu nzima.

Nilipokuandikia kwamba fomu ikae drooni, sikuwa namfikiria Bibi. Nilijua wakianza kufuata karatasi watanifikia mimi. Na nilijua ni sikio lipi kabla hujaniuliza.

Wewe umeficha wiki saba. Usijilinganishe nami.

Sijui watafanya nini hapa. Labda watanipa ruhusa, labda watanipa njia. Jumatatu nitaingia ofisini kwa msimamizi na ile barua. Nimekuandikia wewe kwanza ili nisiweze kurudi nyuma.

Mama Mdogo wako

* * *

9 Mei

Mama Mdogo mpendwa,

Shikamoo. Barua yako imefika jana. Nimeisoma msalani, mahali pekee nyumbani kwetu ambapo hakuna anayeuliza unasoma nini. Bibi sijamwambia, wala Mama. Yakisemwa, utayasema wewe. Mimi sina cha kukufikiria. Nilikuwa na hasira tangu Aprili, nikaitafuta tena jana nikaona imepungua, basi.

Ofisa wa ustawi alikuja nyumbani Alhamisi. Hakuja na faili. Alikuja na mkoba na mwavuli, majirani wakadhani ni ndugu wa upande wa babu. Alikunywa chai, akamsalimia Bibi mara tatu ndipo Bibi akasikia. Kisha akatulia tu, akisikiliza tunavyoongea. Alipokuwa anaondoka akaniambia mlangoni kwamba haoni nyumba isiyomjali mtoto. Anaona nyumba ambayo kila mtu anapiga kelele, kwa hiyo mtoto asiyesikia alikuwa anasikia vizuri tu, na asingejulikana mpaka afike mahali panapoongewa kwa sauti ya kawaida. Amemwandikia Bibi naye akapimwe. Bibi amesema yeye anasikia, sema sisi siku hizi tunanong'ona.

Shuleni Karanga amehamishiwa dawati la mbele, upande ambao sikio la kulia linamwelekea mwalimu. Mwalimu wake alikuja dirishani akaniomba radhi kwa yale aliyoandika. Nilimwambia asiombe. Nilimwomba radhi mimi, tukawa tunaombana hadi kengele ikalia. Mwalimu mkuu hajaniondoa, ila sasa leja inakaguliwa na watu wawili kila Jumatatu, na kila ninapoifungua naona pale nilipofuta. Karatasi imekwaruzika, kalamu haikai vizuri.

Dawa anamaliza wiki hii. Usaha umepungua. Kuhusu kusikia, nesi anasema hawezi kusema kitu kabla ya kipimo.

Sijamwambia Karanga kama unakuja. Niliogopa kumwambia kitu kisha kisiwe.

Kobe

* * *

30 Mei

Kobe wangu,

Nimefika salama na nimeshaanza kazi. Mwambie Bibi kanga yake nimeikuta kwenye mfuko wangu, sikuiiba. Mwambie dada yangu mikate ilinisaidia njiani. Mtoto wangu sijui nimtumie salamu gani. Mbusu upande wa kulia, umwambie zimetoka kwangu.

Kazi sijaachishwa. Msimamizi aliisoma barua ya ofisa kuanzia juu hadi kwenye muhuri wako uliolala upande, akaniuliza mtoto ana miaka mingapi. Nikamjibu, akasema hajanisikia. Nikarudia, nane, na nadhani walisikia hadi kwenye mashine. Ameandika onyo kwenye faili langu kwa kudanganya kwenye usaili, na siku mbili akanipa. Mwenzangu wa mashuka ndiye hajanisamehe. Tunakunja bila kuongea. Tukikutana katikati anatazama pindo. Ana haki.

Siku ile ya kipimo uliporudi kutoka kazini ulinikuta jikoni ukaniuliza ilikuwaje, nikakujibu nzuri, nikaendelea kuosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa. Haikuwa nzuri. Sikuweza kuitamka mbele ya Karanga, naye alikuwa ananitazama mdomo.

Sikio la kulia ni zima. La kushoto lina tundu, na kusikia kwake kumepungua sana. Daktari alisema kwanza likauke kabisa, ndipo waone kama watalishona, na hata wakilishona hakuahidi kitakachorudi. Nilimwuliza kama miaka mitatu iliyopita ingekuwa tofauti. Alisema pengine. Nilimwuliza kuhusu wiki saba. Alisema hizo zilimuumiza mtoto, lakini tundu ni la zamani. Hilo nataka ulijue wewe hasa. Kurudi ni tarehe 4 Julai. Iandike kwenye leja, na nakala zote tatu, na pale kwenye mzazi uandike jina langu. Ruhusa ya siku hiyo nimeshaiomba.

Sasa nikueleze kipimo. Kilikuwa chumba kidogo chenye mlango mnene, kuta zimefunikwa sponji. Mpimaji alimwambia Karanga kila akisikia mlio kwenye spika anyooshe mkono, kisha akamfunika sikio zuri. Mimi niliwekwa kwenye kiti mbele yake. Milio ikaanza, mimi naisikia, naye ananyoosha. Ananyoosha kila mara. Nikaanza kushukuru, nikijiambia kumbe ni mzima, kumbe tumeogopa bure.

Mpimaji akasimamisha. Akacheza na vitufe vyake, kisha akanijia na kuniinamia.

"Mama, mtoto hasikii. Anasoma uso wako. Ukisikia wewe, ananyoosha yeye."

Nilimtazama Karanga. Alikuwa ameshaushusha mkono, ameukalia. Akaniambia, kwa ile sauti yake kubwa ya nyumbani kwa Bibi, "Nilitaka nipate zote."

Mpimaji akaniomba nigeuze kiti.

Nikageuza, nikatazama ukuta. Mlio ukatoka, nikausikia. Ukatoka mwingine, mdogo zaidi, nikausikia. Nikaukaza uso ingawa hakukuwa tena na wa kuusoma. Nyuma yangu hakuna kilichosogea, hata sare haikuchakarika. Ukatoka wa tatu, nikatamani nigeuke nimwonyeshe kwa macho tu, sasa, mwanangu, nyoosha. Nilishika kiti kwa mikono miwili, na sikugeuka.

Mama Mdogo wako